Boksi Lililobonyea

Nguvumali, Tanga
6 Aprili 2024

Kaka Tadeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla hujauliza: mimba iko salama, miguu imeanza kuvimba, na shemeji yako Fanueli ananichunga kama askari wa zamu. Daktari amenikataza barabara mbovu, kwa hiyo Maramba nitaiona nikishajifungua. Zile mbili zilizoharibika zimetutia wote hofu, na mimi ndiye ninayeogopa kuliko wote.

Biashara imepata mahali. Unalikumbuka duka la vitambaa la Rehmatbai kule Chumbageni, mama alikokuwa akitununulia vitambaa vya sare za shule? Alilifunga mumewe alipofariki, na ukumbi wa mbele umebaki mtupu. Nikamweleza mpango wangu. Kila Jumamosi alasiri watu wanakuja, wanakaa meza moja na wasiowajua, wanapewa boksi la pazo na kuunganisha vipande mpaka picha itimie, huku chai na kashata zikipita. Nilidhani bibi wa watu atanicheka. Aliniuliza tu kama na yeye ataruhusiwa kukaa mezani.

Pazo za madukani zina milima ya theluji na majumba ya Ulaya, nani anataka kuunganisha theluji Tanga hii? Zangu ni picha zetu, zimebandikwa kwenye plaiwudi na kukatwa na kaka yangu. Ufunguzi ni Jumamosi tarehe 20. Nakutumia kwa basi ile picha ya Kipaimara, tumesimama nje ya kanisa la kambi ya mkonge, wote tunamtazama mpiga picha isipokuwa wewe. Nataka ndiyo iwe ya meza kuu.

Mdogo wako,
Leticia

*

Maramba
13 Aprili 2024

Mdogo wangu Leticia,

Milele amina. Kama kawaida natamka mimi, anaandika Yudith. Mkono wangu unajua mbao, kalamu inanikimbia. Wifi yako anasema akichoka kunisikiliza ataandika anachotaka yeye, kwa hiyo ukiona maneno ya busara ujue si yangu.

Picha imefika. Kumbe nilikuwa na masikio makubwa hivyo na hamkuniambia? Nilitazama pembeni kwa sababu mbuzi wa katekista alikuwa anakula shada la maua, na mpaka leo nasema nilifanya jambo la maana.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sichori mistari kabla ya kukata. Mimi naanza katikati. Naushika msumeno mwembamba, naingia palipo na uso au mkono wa mtu, rangi ikibadilika nageuka nayo. Yudith anasema huo ni wazimu. Yeye ni fundi cherehani, angeanza na pindo kama anavyoanza kitambaa. Tunabishana kila siku na hakuna anayeshinda.

Sasa nikuombe. Mvua imeiharibu njia ya kushukia mjini, ni utelezi mtupu, hata bodaboda wanasukuma. Nimeshakata nusu tu. Anza na maboksi mengine uliyonayo, hili nikuletee wiki inayofuata jua likitoka.

Kaka yako,
Tadeo

*

Nguvumali
15 Aprili 2024

Kaka,

Wiki inayofuata haiwezekani. Matangazo yameshabandikwa na picha ya Kipaimara ndiyo iliyo kwenye tangazo. Watu watanionaje? Alhamisi panda bodaboda, uteremke na boksi mwenyewe, umkabidhi konda mkononi. Usimpe mtu mwingine, watalipoteza. Wewe na mvua, kama vile umeumbwa kwa chumvi.

Leticia

*

Nguvumali
21 Aprili 2024

Kaka Tadeo,

Ungekuwepo jana ungelia. Ukumbi ulijaa. Qusai, mpwa wake Rehmatbai, alikuja kumsindikiza shangazi tu, akakaa mpaka mwisho na vijana wa bandarini wasiomjua. Rehmatbai alikuwa kwenye meza ya Kipaimara. Yeye ndiye aliyeukamilisha uso wako, akasema, "Huyu mtoto ana jambo lake." Nikamwambia habari ya mbuzi, meza nzima ikacheka.

Lakini nina lalamiko. Boksi limefika limebonyea kona moja na lina matope mpaka ndani, nikakesha nafuta kipande kimoja kimoja. Nilikuomba umkabidhi konda mkononi. Ulilikalia njiani? Watu wanatoa muda wao, kaka, hawawezi kupewa kitu kichafu.

Na Fanueli naye amenitia aibu. Siku ya ufunguzi wa mkewe akaitwa kazini Korogwe, eti umeme umekatika kiwanda kizima. Amerudi jioni macho mekundu, hataki kula. Simu yako haipatikani tangu Alhamisi. Nijibu.

Leticia

*

Maramba
24 Aprili 2024

Shemeji Fanueli,

Barua hii nampa mtu akupe mkononi kazini. Soma, kisha uichome.

Umeniona Jumamosi makaburini, kwa hiyo sina la kukueleza kuhusu hali yangu. Ila barua ya Leticia imefika jana, na mama amenikabidhi nijibu. Wazee wameshaamua na wewe ulikuwepo: mwenye mimba hapewi habari ya msiba, na huyu ameshapoteza wawili. Mimi sipingi. Mama yangu mzazi alifichwa kifo cha babu miezi mitano, akanizaa mimi. Lakini hakuna aliyeniuliza nani atafanya kazi ya kuficha. Kwa kuwa barua za Tadeo niliziandika mimi, wameona jambo limekwisha.

Unajua analalamika nini? Boksi limebonyea. Mume wangu aliangukia chini ya lori la machungwa akiwa amelikumbatia boksi lile, dereva wa bodaboda akavunjika mguu tu. Madereva wenzake waliliokota matopeni, wakaona jina na namba ya simu ya Leticia juu yake, wakalipeleka kwa konda kwa sababu walijua Tadeo alikuwa anawahi basi. Walidhani wanatenda wema. Sasa nimwandikie kwamba basi lilikuwa limejaa mizigo. Nitaandika. Ila nina hasira na dada huyu, shemeji, na sitakuficha, maana huko kwingine kote ninaficha.

Yudith

*

Maramba
25 Aprili 2024

Mdogo wangu Leticia,

Pole kwa matope, basi lilikuwa limejaa mizigo na boksi lilikaa chini. Simu imetumbukia majini, na huku mtandao wenyewe unaujua. Mama hajambo. Nimefurahi watu wamecheka habari ya mbuzi. Lete picha nyingine, kazi ipo. Ule vizuri.

Kaka yako,
Tadeo

*

Nguvumali
9 Juni 2024

Kaka Tadeo,

Siku hizi barua zako fupi hata kuzidi tangazo la msiba redioni. Ndiyo kusema utani umekuishia?

Maboksi mawili ya mwisho yamefika safi kabisa, hata vumbi hamna. Lakini wateja wangu wa kila wiki wameanza kusema pazo zimebadilika. Nikabisha. Jana Rehmatbai akachukua kipande, akakipitisha kidole pembeni, akaniambia, "Mwanangu, aliyekata hizi siye yule wa kwanza. Huyu ameanza na pindo. Mimi nimekata vitambaa maisha yangu yote, mkono wa fundi cherehani naujua."

Nilicheka, nikamwambia kaka yangu na cherehani wapi na wapi. Yeye hakucheka. Alinitazama usoni, akanitazama tumbo, kisha akasema chai inapoa. Tangu hapo nikimuuliza habari ya vipande ananiambia ni macho ya uzee.

Hebu niambie, ni nini?

Leticia

*

Nguvumali
14 Julai 2024

Tadeo,

Hukunijibu. Uliniletea boksi na karatasi yenye mistari miwili. Basi nitajijibu mwenyewe.

Anayekata ni Yudith. Nimepanga vipande vya Kipaimara kando ya hivi vipya, hata mtoto ataona. Vyako vinapinda pinda vinavyotaka, hivi vimenyooka, kila kimoja kinamwogopa mwenzake. Na kama Yudith anakata, na barua huandiki, na simu hununui, basi wewe uko wapi? Nakujua, Tadeo. Nilikubeba kutoka kilabuni mimi na mama, nimeziba pua. Uliapa mbele ya padri na nikakuamini. Leo mkeo anashona, analima, anakata pazo, na wewe umekaa kwenye pombe.

Jana wateja waliuliza kwa nini maboksi yanachelewa. Sikutaka kudanganya watu ninaokaa nao meza moja. Nikawaambia kaka yangu ni mlevi, amerudia. Nimeona aibu, lakini aibu ni yako.

Jibu kama mwanamume.

Leticia

*

Maramba
17 Julai 2024

Shemeji Fanueli,

Nimeshindwa. Nimesoma barua ya mkeo mara moja na siwezi kuirudia. Tadeo alikufa hajaigusa pombe tangu tulipofunga ndoa. Hata kwenye arusi ya mdogo wangu alikunywa maji, watu wakamcheka. Sasa anatajwa mlevi mezani Chumbageni, na watu wenyewe ndio hao wanaounganisha uso wake kila Jumamosi.

Nilijifunza kukata ili Leticia apate maboksi asishtuke. Vidole vimechanika, cherehani siwezi kuishika. Kazi yenyewe ndiyo imemponza marehemu. Niruhusu nimwambie. Au nimwandikie tu kwamba anaumwa, yuko hospitali, chochote kisichomchafua. Nakuomba kama mdogo wako.

Yudith

*

Tanga
19 Julai 2024

Shemeji Yudith,

Nimelia chooni kazini, sikuwa na mahali pengine. Lakini sikiliza. Juzi amelazwa, presha imepanda, jana ndio ametoka. Daktari amesema akipata mshtuko mtoto hatutampata na yeye mwenyewe hatujui. Ukimwandikia kaka yake anaumwa atapanda basi leo hii, unamjua. Ulevi ameshauzoea, hautamuua. Atakasirika, atalala.

Mwache aamini hivyo. Mkubalie. Najua ninachokuomba.

Fanueli

*

Maramba
22 Julai 2024

Mdogo wangu Leticia,

Ni kweli. Nimerudia pombe. Yudith ndiye anayekata. Usije na usihangaike, ulinde mtoto. Nisamehe.

Tadeo

*

Nguvumali
28 Julai 2024

Tadeo,

Ahsante kwa kusema kweli, japo umechelewa. Nilikuwa nimekusudia akiwa wa kiume nimpe jina lako. Sitampa. Sitaki mwanangu aitwe jina la mtu wa kilabuni. Na siku ya ubatizo usije, aje mama na Yudith. Ukiacha kweli kweli, utanitafuta.

Mwambie Yudith vipande vyake ni vizuri. Kwa kweli wateja wameshavizoea.

Leticia

*

Nguvumali
13 Oktoba 2024

Wifi Yudith,

Jana Fanueli na padri waliniketisha wakaniambia. Mtoto alikuwa kifuani, ameshafikisha siku zake arobaini na zaidi, amebatizwa, anaitwa Bryson. Kumbe hata siku ya ubatizo mama alikuja ameficha nguo nyeusi ndani ya mkoba, nikamtania kwamba amekonda. Na wewe uliniambia Tadeo amebaki kuangalia nyumba.

Sijui niandike nini. Nimetoa barua zote na kuzisoma upya. Najua sasa ipi ni yake ya mwisho. Baada ya ile, nilikuwa namtukana mtu aliye kaburini, na wewe ndiye uliyekuwa unafungua bahasha. Siku mnamzika, mimi nilikuwa nimesimama ukumbini nasimulia habari ya mbuzi. Nilimlazimisha ateremke na mvua. "Umeumbwa kwa chumvi," nilimwandikia. Yudith, niliandika hivyo.

Nakuomba msamaha, na najua hautoshi. Biashara nafunga. Siwezi kuliona boksi lile tena. Alisema nini siku ile asubuhi? Alinikasirikia?

Leticia

*

Maramba
16 Oktoba 2024

Wifi Leticia,

Barua hii nimeandika mimi na inasema maneno yangu.

Hakukukasirikia. Alisema una haraka kama baba yenu, akalifunga boksi kwa koti lake ili lisilowe, ndiyo maana yeye alikuwa na shati tu. Aliniachia chai ambayo hakuimaliza. Hakuna zaidi, na ningekuwa na zaidi ningekupa.

Kuhusu msamaha usinisukume. Nilikuchukia sana mwezi wa saba. Nilipoambiwa umejifungua salama nililia kwa furaha, na kesho yake nikakuchukia tena. Pengine itaisha. Haijaisha.

Biashara usifunge. Nimejifunza kazi hii kwa damu ya vidole vyangu na sasa naiweza, na Tadeo aliipenda. Nakutaka mambo mengine. Kwanza, ile karatasi ya kukiri ulevi irudishe, niichome mwenyewe. Nilitia jina lake chini ya uongo, na katika yote niliyoyafanya ndilo linaloniamsha. Pili, uliwaambia watu mezani kwamba kaka yako ni mlevi. Nataka uwaambie ukweli hapo hapo mezani, watu wale wale, kabla hawajagusa kipande. Usiwaandikie kwenye simu. Uwatazame.

Na boksi la Kipaimara lilete. Mama anataka kuuona ule uso, sisi hatuna picha nyingine yake ya utotoni. Jina la mtoto liache lilivyo. Yeye hana kosa.

Yudith

*

Nguvumali
20 Oktoba 2024

Wifi Yudith,

Jana nimesema. Niliwaomba waweke mikono chini, nikasimama, nikawatazama. Nikawaambia kaka yangu hakuwa mlevi, niliyewadanganya ni mimi. Nikawaambia alikufa akiniletea boksi, na siku tulipofungua ukumbi huu alikuwa anazikwa. Kijana mmoja wa bandarini aliinuka akaenda kusimama nje.

Rehmatbai alinishika mkono akanikalisha. Akaniambia, "Nilijua tangu ule mwezi wa sita, mwanangu. Mkono uliobadilika ghafla namna ile, na mwenyewe haonekani, nikajua hayupo. Na kwetu pia mja mzito haambiwi." Kwa hiyo hata yeye alikuwa ananificha, kila Jumamosi, ananimiminia chai. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa.

Sikuwapa pazo. Walikaa tu, wakanipa pole mmoja mmoja kama matangani, miezi sita baadaye. Qusai alileta ubani wa msiba ukumbini, nikawa na matanga yangu kati ya meza tupu.

Karatasi uliyoitaka imo humu. Boksi nakuletea mwenyewe. Sikuinyoosha ile kona, na matope yaliyobaki kwenye mshono nimeyaacha. Nakuja Alhamisi na Bryson kwa basi lile lile. Tafadhali usimtume mtu wa bodaboda anipokee. Nitashuka njia panda, nitapanda kilima kwa miguu, mtoto mgongoni na boksi mikononi, hata mvua ikinyesha.

Leticia